Maswali na Majibu: Kompyuta Inapokosea Kujumlisha

SWALI: Ninajifunza kuandika programu kwa lugha ya Python. Nilipoiagiza kompyuta ijumlishe 0.1 na 0.2, ilinipa 0.30000000000000004, na nilipouliza kama jumla hiyo ni sawa na 0.3 ilijibu False. Je, mashine yangu ni mbovu?

JIBU: Si mbovu, ukiazima nyingine utapata jibu lile lile. Sisi tunahesabu kwa tarakimu kumi, ilhali kompyuta ina mbili tu, 0 na 1. Kama vile theluthi moja inavyokuwa 0.333 isiyokoma tunapoiandika kwa desimali, ndivyo sehemu moja ya kumi, ikiandikwa kwa 0 na 1 tu, inavyokuwa 0.000110011, na kundi la 0011 likaendelea kujirudia bila kikomo. Kanuni ya kuhifadhi namba zenye desimali iitwayo IEEE 754, ya mwaka 1985, ambayo Python huifuata katika karibu kila kompyuta, huitengea namba ya aina hii biti 64 (kila biti ni 0 au 1), zinazotosha tarakimu 53 za usahihi za 0 na 1. Kinachozidi hapo hukatwa na kukadiriwa. Kwa hiyo 0.1 iliyohifadhiwa imezidi kidogo mno, 0.2 nayo imezidi, na katika jumla ziada hiyo hujitokeza. Jaribu 0.5 + 0.25, utapata 0.75 kamili, kwa kuwa nusu na robo huandikika bila salio.

Usilinganishe namba za desimali kwa alama ya ==; tumia math.isclose(0.1 + 0.2, 0.3), inayouliza kama namba mbili zinakaribiana sana, nayo itajibu True. Kwa hesabu za fedha, mimi hupendelea kuhifadhi kila kitu kwa senti, kama namba nzima. Ukichagua Decimal, aina ya namba ya Python inayohesabu kwa tarakimu kumi kama sisi, andika Decimal('0.1') pamoja na alama za kunukuu, jambo ambalo wanafunzi wengi hulisahau: bila alama hizo unaipa namba iliyokwisha kukosewa, nayo itakuhifadhia kosa hilo kwa uaminifu mkubwa.

SWALI: Kwa nini kitu cha kwanza katika orodha kinaitwa namba 0?

JIBU: Kwa sababu namba hiyo haihesabu vitu, bali hupima umbali kutoka mwanzo wa orodha. Tuseme orodha inaanzia anwani 1000 ya kumbukumbu na kila kitu kinachukua baiti 8: cha kwanza kiko 1000 + 0 × 8, na cha tatu kiko 1000 + 2 × 8. Si lugha zote zilizofuata njia hii, kwani Lua na R huanzia 1.

SWALI: Nikijua lugha ya Java, je, nimeshajua JavaScript?

JIBU: Hapana. Zote mbili zilitangazwa mwaka 1995, lakini ya pili, aliyoibuni Brendan Eich akiwa katika kampuni ya Netscape, iliitwa kwanza Mocha, kisha LiveScript, na jina la sasa ilipewa wakati Java ilipokuwa ikivuma. Utayatambua mabano na nukta-mkato. Namna ya kushughulikia aina za data na vitu utajifunza upya.