Mikwaruzo na kingo nyeusi kwenye negativu za 4x5

Ndugu, ulichoeleza kuhusu negativu zako za 4x5 (filamu za shiti moja moja, inchi 4 kwa 5) unazosafisha kwenye trei, yaani mikwaruzo pamoja na kingo zilizokolea kuliko katikati, vyote vinatokana na trei na mikono, si dawa ya kusafishia.

Mikwaruzo huletwa na kona za shiti moja kugusa uso wa nyingine. Filamu ikiwa imelowa, uso wake huwa laini mno. Usizidishe shiti nne kwa mkupuo. Gizani, shika filamu wima: vijino (mikato midogo kwenye ukingo wa filamu) vikiwa kona ya juu kulia, upande wenye utando unaonasa picha unakutazama. Huo ndio ukae juu. Loweka kwanza kwenye maji ya nyuzi 20, moja moja. Ukiziingiza zote pamoja zikiwa kavu zitagandana, na hapo kuzibandua ni kuziharibu. Kisha, zikiwa kwenye dawa, chomoa ya chini kabisa, ilaze juu, ikandamize taratibu kwa ncha za vidole, si kwa kucha.

Kingo hukolea kwa sababu trei ni ndogo na unachanganya kwa kasi: dawa inasukumwa ikigonga kuta na kurudi kwa nguvu pembeni. Tumia trei ya 8x10 yenye lita moja, na upitie shiti zote mara moja kila nusu dakika.

Muda nao: filamu ya HP5 Plus kwenye dawa ya ID-11 ya 1+1 (sehemu moja ya dawa kwa moja ya maji) ni dakika 13 kwa nyuzi 20 ndani ya tangi. Kwenye trei filamu haitulii, kwa hiyo anza na dakika 11.