Maswali Yenu: Mng'ao uko chini, je, protini imetengenezwa humo?

SWALI: Ndugu mhariri, natengeneza protini ya kijani inayong'aa, GFP, bila seli hai, kwa dondoo la bakteria E. coli ndani ya mchanganyiko wa polima mbili (molekuli ndefu kama minyororo), PEG 8000 na dekstrani. Kwenye barafu naona matabaka mawili vizuri. Nikiweka kwenye nyuzi 30 yanapotea. Siku yakibaki, mng'ao ni hafifu. Nakosea wapi?

JIBU: Kinachoyapoteza matabaka ni joto. PEG na dekstrani zote hukaa ndani ya maji, ila zikizidi kiasi fulani hazivumiliani tena: PEG hupanda juu, dekstrani hushuka. (Si kama tui linalotenga mafuta na maji; hapa matabaka yote mawili ni maji.) Joto likipanda, kiasi kinachohitajika ili zitengane nacho hupanda. Kwa hiyo pima kwenye nyuzi 30 zenyewe, bila DNA (inayobeba maelekezo ya kutengeneza GFP), kabla ya kupoteza dondoo lako.

Anza na PEG asilimia 5 na dekstrani ya kilodaltoni 500 (ukubwa wa molekuli yake) asilimia 6.5. Kwa mikrolita 50, ukiwa na akiba (kimiminika kilichokolezwa) ya PEG ya asilimia 40 na dekstrani ya asilimia 25, unahitaji mikrolita 6.25 na 13. Dondoo 16.5, mchanganyiko wa nishati na asidi amino uliokolezwa mara 4 mikrolita 12.5. Jumla 48.25! Inabaki 1.75 tu kwa DNA, na ukitaka nanomola 5 za plasmidi (DNA ya duara) ya jozi 3,000 za besi, akiba yake iwe na nanogramu kama 280 kwa mikrolita. Wengi hubanwa hapa, wakapunguza dondoo, kisha wakashangaa mng'ao umefifia. Soma pia orodha ya viambato: michanganyiko mingi ya nishati tayari huleta PEG asilimia 2 kwenye jaribio la mwisho. Kama wako ni hivyo, ongeza mikrolita 3.75 tu za akiba ya PEG.

Dekstrani ni nzito kama asali. Vuta polepole, subiri sekunde chache ncha ikiwa bado ndani ya kimiminika, futa nje ya ncha, kisha sukuma taratibu. Baada ya hapo pima upya magnesiamu, kati ya milimola 6 na 14 kwa hatua za 2; kiwango kilichofaa bila polima huenda kisifae tena.

SWALI: Tabaka la chini linang'aa zaidi. Naweza kuandika kwamba protini imetengenezwa humo?

JIBU: Bado. Mng'ao unaonyesha protini iliyokamilika inapopenda kukaa, si ilikozaliwa. Tengeneza mchanganyiko uleule bila DNA, weka GFP iliyosafishwa, mikromola 1, acha nusu saa kwenye nyuzi 30, zungusha kwenye sentrifuji kwa joto hilohilo dakika 5. Chukua mikrolita 5 kutoka kila tabaka, ongeza 95 za bafa (kimiminika kinachotuliza kiwango cha asidi), ndipo usome. Bila kuzimua, uzito wa dekstrani utakudanganya. Gawanya usomaji wa juu kwa wa chini. Uwiano ukilingana na ule wa jaribio lako, huna ushahidi wa mahali.

Ribosomu (vijimashine vinavyojenga protini) na DNA kwa kawaida huelekea kwenye dekstrani, kwa hiyo dhana yako ina msingi. Ipime hivi: tenganisha matabaka kabla ya kutia DNA, weka kila moja kwenye mrija wake, tia DNA kiasi kilekile, chukua sampuli dakika ya 15, 30 na 60. Kila sampuli itie kloramfenikoli mara moja ili ribosomu zisimame, kisha iache wazi kwa hewa saa nzima kabla ya kusoma. GFP changa haing'ai mpaka ipate oksijeni, na tabaka la chini la mrija mwembamba huipata kwa shida. Ukisoma haraka, utailaumu dekstrani bure.

SWALI: Dekstrani ni ghali. Nitumie PEG na chumvi ya fosfeti?

JIBU: Kwa kusafisha protini baadaye, sawa kabisa. Kwa kuitengeneza, hapana: fosfeti nyingi hivyo hunasa magnesiamu, na ribosomu bila magnesiamu huachana vipande viwili.