Pikapu iliyosoma nyuzi 1 mchana wa Februari, Dar es Salaam

Nilikuwa kwenye foleni ya Kimara, saa nane mchana, vioo vimepandishwa kwa sababu ya vumbi na moshi wa malori, na AC inapuliza hewa ya moto. Mwanangu wa miaka minne alikuwa amelala kiti cha nyuma, shingo imelowa jasho. Simu ilisema nje ni nyuzi 33. Dashibodi ya pikapu yangu, pale inapoonyesha joto la nje, ilisoma nyuzi 1.

Namba ile nilikuwa nimeshaizoea. Ilianza kupotoka taratibu tangu Desemba: 24 wakati nje ni 30, kisha 15, kisha 8. Niliipuuza, maadamu gari linawaka na linakwenda. AC ilipogoma, sikuyahusisha mambo hayo mawili hata kidogo. Fundi wa kwanza aliniambia, "Dada, gesi imeisha," akajaza. Hakuna kilichobadilika. Wa pili akaitoa gesi yote, akajaza upya, kisha akasema kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya AC, imechoka, nijiandae kununua nyingine. Hakuna kati yao aliyetazama dashibodi, na mimi sikuwaonyesha. Hapo ndipo ninapotaka mwenzangu mwenye tatizo kama hili aanzie.

Kwenye gari lenye AC ya otomatiki, namba ile si pambo. Inatoka kwenye sensa, yaani kipimajoto kidogo cha umeme kilichofungwa nje, na kompyuta ya AC inaisoma sensa hiyo hiyo ili iamue ipoze kiasi gani, na magari mengi huzuia kompresa isiwake joto la nje likikaribia nyuzi 0, kwa sababu kuiendesha kwenye baridi ya namna hiyo kunaweza kuiharibu. Gari langu liliamini tuko kwenye barafu, likaikinga kompresa yake kama lilivyoundwa. Gesi ilikuwa kamili muda wote.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja fundi umeme wa magari, Makambako. Nilikuwa njiani kwenda Njombe kuchukua miche ya parachichi, nikalala Makambako, na asubuhi dashibodi ikasoma hasi 4. Kulikuwa na ubaridi wa sweta, lakini majani yalikuwa na umande tu, hakuna barafu. Nikampelekea gari.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Gari lina nini?"

Nikamweleza habari ya gesi, ya kompresa, na mwisho, kama nyongeza, ile namba. Hakuuliza chochote kuhusu gesi. Aliuliza: "Inasoma baridi kuliko ukweli, au joto kuliko ukweli?"

Swali hilo ndilo lenye thamani kuliko yote niliyowahi kusikia gereji, na sababu yake ni rahisi. Sensa ya joto la nje ni kipande kidogo chenye nyaya mbili, na kazi yake ni kubadilisha ukinzani, yaani kiasi inachozuia umeme kupita, kulingana na joto. Hewa ikipoa, ukinzani unapanda. Ikipata joto, unashuka. Kompyuta haijui joto, inajua ukinzani tu. Kwa hiyo chochote kinachoongeza ukinzani njiani, iwe soketi yenye kutu, pini iliyolegea au waya uliobaki na nyuzi mbili za shaba, kompyuta inakisoma kama baridi. Namba ikiwa chini kuliko ukweli, mtafute mkosaji kwenye nyaya na soketi. Ikiwa juu kuliko ukweli, mara nyingi sensa inasema kweli: mahali ilipo pana joto kweli, ila si joto la nje.

Yangu ilikuwa chini. Mzee akalala chini ya bampa, akaichomoa sensa mbele ya kondensa, ile rejeta ya AC, akaipima ukinzani peke yake kwa mita ya umeme: kilo-omu 2.6. Akatazama kipimajoto cha ukutani kwenye kibanda chake, nyuzi 15. Kwa Toyota nyingi, sensa hii inatakiwa kusoma kati ya kilo-omu 1.6 na 1.8 kwenye nyuzi 25, kama 3 hadi 3.7 kwenye nyuzi 10, na 0.8 hadi 1 kwenye nyuzi 40. Watengenezaji wengine wana namba zao, kwa hiyo usichukue hizi ukazipachika kwenye kila gari. Kwa gari langu 2.6 ilikuwa sahihi kabisa kwa asubuhi ile. Sensa ilikuwa nzima. Akaniita nione soketi: pini moja ilikuwa imeota kutu ya kijani, ile ya shaba iliyokaa na maji.

Baadaye nilielewa kitu kingine ambacho kingenisaidia mapema. Dar gari lilikosea kwa nyuzi 32, Makambako kwa 19. Kosa lilikua kadiri joto lilivyopanda, kwa sababu kwenye joto ukinzani wa sensa yenyewe ni mdogo, na ule wa kutu ulioongezeka unaumeza. Ukiona namba yako inapotoka zaidi mchana kuliko alfajiri, na upande ni wa baridi, anza na soketi kabla hujatoa hela ya sensa mpya.

Kutu ile ilitoka wapi? Mwaka mmoja nyuma bampa langu lilitengenezwa baada ya kugongwa. Waliolirudisha hawakuipachika sensa kwenye kishikizo chake, wakaiacha ining'inie, mdomo wa soketi ukitazama juu. Kila mvua na kila kuoshwa kwa mashine ya presha maji yalijaa mle. Mkitengeneza bampa au shoo, tafadhali, kabla hamjalipa, inameni mtazame kama sensa imerudi mahali pake.

Sasa upande wa pili, namba iliyo juu. Hapa watu wengi wanabadilisha sensa nzima bila sababu. Ukiwa kwenye foleni ya Ubungo, joto la injini na la kondensa linarudi mbele na kuizunguka sensa. 40 wakati simu inasema 33 ni jambo la kawaida. Lami nayo ina joto lake. Mamlaka ya Hali ya Hewa hupima kwenye kivuli, ndani ya kisanduku chenye matundu, mbali na lami, kwa hiyo tofauti ya nyuzi mbili tatu isikusumbue. Magari mengi hata yamepangwa kutopandisha namba haraka: yakiona joto linapanda wakati gari limesimama, yanasubiri liende kwa mwendo wa kutosha kwa dakika kadhaa ndipo yaamini. Joto likishuka, yanaamini mara moja.

Kipimo chake hakihitaji fundi. Laza gari usiku kucha, mbali na ukuta uliokuwa unapigwa na jua. Alfajiri, kabla hujawasha injini, washa swichi tu, usome namba, na ulinganishe na kipimajoto cha kawaida ulichokiacha hapo nje. Zikikubaliana alfajiri kisha namba ikapaa ukiwa barabarani, sensa ni nzima: imesogea karibu na kondensa, au umefunga ngao ya chuma, taa kubwa au kibao cha namba mbele yake na hewa haiifikii. Angalizo moja: magari mengine yakizimwa kwa muda mfupi yanakumbuka namba ya mwisho, kwa hiyo kusimama saa moja hakutoshi. Na kama gari lako limetoka Marekani na linasoma 86 asubuhi, tazama kwanza kama halijawekwa Fahrenheit. 86 huko ni nyuzi 30 zetu.

Ukiona hasi 40, au vistari badala ya namba, hapo hakuna cha kutilia shaka: mara nyingi waya umekatika kabisa au sensa haipo. Kwenye baadhi ya pikapu za Kimarekani sensa imo ndani ya kioo cha pembeni, na hapa mjini vioo hivyo vinaibiwa. Unanunua kingine cha bei nafuu, kinaingia vizuri, kinaonyesha vizuri, lakini ndani hakina sensa. Au kinayo, ila nyaya zimekatika pale zinapojikunja kwenye mlango.

Njia ninayoipenda ya kutenganisha sensa na nyaya ni rizista, kipande chenye ukinzani usiobadilika, ya kilo-omu 2.2 kutoka duka la vifaa vya elektroniki, Kariakoo. Ni kitu cha bei ndogo sana. Chomoa sensa, chomeka miguu miwili ya rizista kwenye soketi, kisha endesha kidogo, maana gari likisimama namba inaweza kukawia kupanda. Kwa gari lenye viwango kama vya langu, dashibodi inapaswa kufika karibu nyuzi 19 na kutulia hapo. Ikifika, nyaya na kompyuta ni nzima, na sensa ndiyo mbovu. Isipofika, usinunue sensa. Na sensa yenyewe unaweza kuipima kwa kuitia kwenye mfuko wa plastiki, ukaizamisha kwenye barafu iliyosagwa yenye maji kidogo, ambayo ni nyuzi 0, kisha ukaitoa na kuifumbata mkononi huku mita imeunganishwa. Ukinzani ushuke taratibu bila kuruka. Ukiruka, sensa hiyo itupe.

Mzee alikata soketi yangu, akaweka nyingine iliyotoka kwenye gari bovu, akachomea nyaya kwa risasi, moja mbele kidogo ya nyingine ili zisigusane, akafunika kwa mpira wa kubana kwa moto na kupaka grisi kwenye pini. Kisha akaifunga sensa kwenye kishikizo, mdomo ukitazama chini, na kuacha waya upinde kidogo ili maji yadondokee pale kwenye pindo na siyo kwenye pini. Nikawasha. Dashibodi ikasoma hasi 4 vile vile, moyo ukanishuka.

"Usiwe na haraka," akasema. "Endesha kwanza."

Ilianza kupanda nilipouacha mji, 2, 7, 11, na kabla sijafika Njombe ilikuwa 16. Siku tatu baadaye, nikirudi na miche nyuma, niliitazama ikipanda kutoka 21 pale Ilula hadi 31 Ruaha Mbuyuni, chini ya Kitonga. Nikabonyeza AC. Kompresa ikashika, na kabla ya Mikumi mwanangu akaomba nipunguze, anasikia baridi.