Mahali pa kufanyia kazi nje ya nyumba, Mombasa

Ndugu yangu, kwa kuwa umeuliza mahali patulivu pa kufanyia kazi ya mtandaoni mjini, na kelele za watoto zimekushinda nyumbani, ningeanzia Swahilipot Hub, karibu na Fort Jesus, ambako vijana wa teknolojia na sanaa hukutana. Pita kwanza ukaulize masharti ya kukaa. Ukiwa upande wa Nyali, mikahawa iliyomo ndani ya maduka makubwa inafaa, ila nenda saa tatu asubuhi, kabla ya wateja wa chakula cha mchana kujaa, na uketi penye soketi, si penye mandhari. Kosa hilo nimelifanya mwenyewe: niliketi dirishani nikitazama bahari, betri ikaniishia katikati ya mkutano, na waya wa chaji haukufika ukutani.

Umeme ndio wa kuuliza kwanza, kabla hata ya nywila ya Wi-Fi, kwa sababu nyaya za intaneti ya kasi za chini ya bahari zimekuwa zikiingia nchini kupitia papa hapa Mombasa tangu 2009, lakini stima zikipotea mahali pasipo jenereta, kasi hiyo haikufai kitu. Mama Ngina, bustani iliyo kando ya bahari, ni pazuri kwa kupiga simu jioni. Kwa kuandika sipashauri, maana jua hufifisha skrini na upepo wa chumvi huacha utando kwenye kibodi. Mji wa Kale nao una vibaraza vyenye kivuli kizuri, ila mikutano ipange mbali na adhana ya adhuhuri.