Milima ya Mbeya kwa wenye Jumapili tu

Dada, umesema shemeji ana mkataba wa miezi sita Mbeya, mapumziko ni Jumapili tu na gari hamna. Basi Kitulo, ile hifadhi ya maua, iwekeni kiporo mpaka apate likizo. Maua yanachanua zaidi Desemba hadi Aprili, na njia ya kwenda huko, kupanda Matamba kutoka Chimala, ni kona 57. Safari ya kulala hiyo.

Anzeni na Ziwa Ngosi, lililo ndani ya kreta ya volkano juu mlimani. Pandeni gari la Tukuyu, mshuke Isongole, mchukue bodaboda mpaka msituni na mwenyeji wa kuwaongoza. Bei mpatane kabla. Kipande cha mwisho ni mlima hasa, mnashika mizizi kwa mikono, na mvua ikiwa imenyesha raba za mjini zitawaangusha. Tokeni alfajiri: ukungu ukitanda, ziwa hamlioni kabisa. Na sweta, jamani!