Spea ya Land Rover imegoma kutoka: fundi wa gesi asubiri kwanza

Ndugu yangu wa Kisumu, umesema Land Rover Series III yako ina tairi la spea juu ya boneti, ufunguo wa nati ya kufuli unaingia nusu tu, na fundi anataka kuichoma kwa gesi. Mimi ninayo 109, ile Land Rover ndefu, hapa Nakuru na kufuli lake lilinigomea vivyo hivyo. Nakuomba sana, huyo fundi mwambie asubiri.

Boneti ya gari hili ni aluminiamu. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi joto 660 hivi za Selsiasi, tena haibadiliki rangi kuwa nyekundu kama chuma, kwa hiyo utashtukia tu imeshapinda au imetoboka. Lakini linalonitia hofu zaidi ni tairi. Rimu ikichomwa tairi likiwa na upepo, raba huanza kuungua kwa ndani, inatoa gesi, na tairi linaweza kulipuka hata baada ya moto kuzimwa. Kuna mafundi waliopoteza maisha hivyo. Njia yoyote utakayofuata, anza kwa kutoa upepo wote.

Sasa, ufunguo unaoingia nusu unaniambia tatizo lako liko ndani ya tundu, si kwenye nyuzi za nati. Huku kwetu miaka ziwa linapokauka upepo huleta vumbi jeupe la magadi mpaka mjini. Kwangu kuna aliyewahi kupaka grisi ndani ya kufuli, akadhani analitunza. Grisi na vumbi vikashikana. Nilipochokoa kwa waya mwembamba ilitoka tope nyeusi, nzito, na ukiisugua kati ya vidole unasikia mchanga.

Nenda kwa fundi wa pancha mwenye kompresa, umwombe apulize lile tundu. Nyunyizia WD-40, subiri, apulize tena, rudia mpaka kinachotoka kiwe safi. Ufunguo ukizama wote, usiushike na koleo! Funguo hizi zimelika kwa miaka mingi, na kipande kikibaki ndani utakuwa umejiongezea kazi. Uzungushe kwa vidole, kushoto na kulia, huku ukigongagonga uso wa kufuli taratibu kwa mpini wa bisibisi. Zile pini ndogo za ndani ya kufuli zikitikisika hurudi mahali pake. Kwangu lilifunguka hivyo, na nilifurahi kuliko siku niliyolinunua gari.

Ikiwa kufuli litafunguka lakini nati ikatae, hapo ni kutu. Angalia bamba linaloshikilia spea, pale linapokalia boneti: ukiona unga mweupe, hiyo ni aluminiamu inayoliwa kwa kugusana na chuma penye unyevu, na Kisumu unyevu haukosekani. Mwagia mafuta ya kulegeza kutu jioni, uache yalale. Asubuhi mimina maji yaliyochemka pale pale. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma, na huo mwachano mdogo mara nyingi unatosha. Kisha kaza nati kidogo kabla ya kuilegeza. Kutu hukatika kwa urahisi zaidi hivyo.

Kabla ya kufikiria drili, fungua boneti utazame chini yake. Kwangu bamba limeshikwa na bolti zenye nati upande wa ndani, ambazo mwizi hazifikii bila kufungua boneti. Kama yako iko hivyo, unaweza kulitoa bamba zima na kufuli lake. Muwe wawili au watatu, kwa sababu gurudumu la saizi ya 7.50-16 ni zito na boneti ikiponyoka itakuvunja mkono.

Drili iwe mwisho kabisa. Moyo wa kufuli kwa kawaida ni shaba nyeupe, si mgumu. Weka alama kwa panchi (chuma chenye ncha cha kugongea alama) juu kidogo ya tundu, anza na kichwa cha milimita 3, halafu 5, halafu 8, polepole. Vaa miwani.

Likishatoka, nyuzi za nati zipake grisi ya shaba. Ndani ya tundu la ufunguo usipake mafuta wala grisi. Kwangu naweka unga wa risasi ya penseli, na juu yake nimefunika kipande cha tyubu kuukuu. Kila gari likiingia sevisi naifungua nati na kuirudisha, maana njia ya kwenda Eldoret usiku, pale Salgaa, si mahali pa kugundua kwamba spea haitoki.

Chonga ufunguo wa pili wiki hii hii, ujaribu kufungua nao ukiwa bado kwa mchongaji, halafu uuache nyumbani. Tuma picha ya uso wa kufuli na ya chini ya boneti nikuone umefikia wapi.