Zidisha kwa 24: Kwa Anayeanza Kuunda na Kupaka Rangi Gari la Safari Rally

Kama modeli yako ya kwanza ya plastiki ya gari la rali bado iko sandukuni, subiri kidogo kabla hujashika kisu. Tazama namba iliyoandikwa juu ya sanduku: 1/24. Hiyo ndiyo itakuwa mwalimu wako. Gari lililo ndani ni dogo mara 24 kuliko lile lililokimbia barabarani, kwa hiyo chochote utakachokiongeza wewe, iwe gundi, rangi au vumbi, kizidishe kwa 24 ndipo utajua umefanya nini. Chembe ya vumbi ya nusu milimita ikinaswa kwenye rangi ya mlango, ni sawa na jiwe la milimita 12 lililopakwa rangi kwenye mlango wa gari halisi. Hakuna fundi wa rangi wa Kariobangi, hapa Nairobi, anayeweza kumrudishia mteja gari la namna hiyo.

Mimi nilianza na Datsun 240Z ya Hasegawa, lile gari lililoshinda Safari Rally ya 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller. Bodi nyekundu, namba 11 mlangoni, boneti nyeusi isiyong'aa ili jua lisimrudie dereva machoni. Gari lenyewe lina urefu wa takriban mita 4.1, la mezani kwangu lina sentimita 17 hivi. Baba alikuwa akinisimulia jinsi walivyosimama kando ya barabara siku za Pasaka kusubiri magari yapite, na nilitaka kumwekea gari lile juu ya kabati ya televisheni. Ilinichukua bodi mbili kufika pale, maana ya kwanza niliiharibu kabisa. Mengi ya hapa chini nilijifunza kwenye ile ya kwanza.

Kabla ya yote, tafuta picha za gari unalolitaka, likiwa kwenye Safari yenyewe. Modeli nyingi za rali huuzwa zikiwa na vifaa vya mashindano ya Ulaya, na gari la Monte Carlo si gari la Kenya. Subaru Impreza ambayo Colin McRae alishinda nayo hapa mwaka 1997 ilikuwa na bomba la kuvutia hewa lililopandishwa kando ya kioo ili injini isimeze maji, vyuma vya kukinga mbele, na taa za pembeni za kuwaonya watu na wanyama. Ukiunda Impreza ya barabara ya lami kisha ukaibandika stika za Safari, mtu yeyote aliyewahi kusimama Naivasha atakuuliza bomba liko wapi. Linganisha picha na vipande vilivyomo sandukuni, uandike pembeni unachokosa.

Chasi, injini na viti havitakusumbua. Fuata karatasi ya maelekezo, osha vipande kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo ili kuondoa mafuta ya kiwandani, kata kipande mbali kidogo na fremu yake kisha umalizie kwa msasa wa 400 na 600. Ukipata kipande kilichopakwa kromu ya kung'aa sana kama sufuria mpya, kiloweke kwenye Jik, ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, kwa muda. Kromu yote itatoka na utakipaka fedha tulivu inayofanana na chuma cha kweli. Valia glavu, na usichanganye Jik na kitu kingine chochote.

Sasa tuje kwenye bodi, kwa sababu hapo ndipo gari hupona au hufa.

Anza na mistari ya milango na boneti. Kwenye gari halisi, nafasi kati ya mlango na bodi ni kama milimita 5. Kwenye modeli inapaswa kuwa milimita 0.2. Plastiki huja na mistari hiyo, lakini mara nyingi ni mifupi ya kina, na praima (rangi ya msingi), rangi yenyewe na klia (tabaka angavu la mwisho) zikipita juu yake mlango hupotea kabisa, ukabaki na gari lisiloweza kufunguliwa. Pitisha mgongo wa wembe taratibu ndani ya kila mstari, mara nne au tano, bila kukandamiza, hadi kina kiongezeke. Fanya hivyo kabla ya praima. Ukikumbuka baadaye, utakuwa unakwaruza rangi yako mwenyewe.

Halafu rangi. Rangi ya gari la kawaida, tabaka zote zikijumlishwa, huwa na unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Weka unene uo huo kwenye modeli, uzidishe, unapata milimita 2.4: umelivika gari chapati. Kwa hiyo kila tabaka liwe jepesi kadiri unavyoweza. Bodi yangu ya kwanza niliipuliza hadi ikawa nyekundu kwa mkupuo mmoja, na rangi ikatiririka ikatengeneza tone chini ya kila kona.

Aliyenisahihisha ni fundi anayepaka matatu rangi Kariobangi. Nilimpelekea ile bodi kwenye mfuko, akaigeuzageuza kwenye kiganja, akanipa somo ambalo sijalisahau: mkono uanze kutembea kabla rangi haijatoka. Bonyeza kopo la rangi ya kupuliza ukiwa nje ya gari, pita juu ya gari kwa mwendo mmoja, achia ukiwa umeshatoka upande wa pili. Usibonyeze wala kuachia ukiwa juu ya bodi, kwa sababu ni mwanzo na mwisho wa mpulizo ndipo matone hutoka. Akaniambia nijizoeze kwenye vijiko vya plastiki. Mgongo wa kijiko umepinda kama madigadi, na ukikiharibu hujapoteza kitu. Nilipaka vijiko zaidi ya ishirini kabla ya kugusa bodi ya pili. Wewe pia nunua pakiti nzima.

Kuhusu rangi yenyewe, hapa Nairobi tuna bahati. Kwenye maduka ya Barabara ya Kirinyaga, ile tunayoiita Grogan, watakuchanganyia rangi ya gari ya aina yoyote kwa kiasi kidogo. Lakini kuwa mwangalifu na mambo mawili. Kwanza, thina ya gari ni kali. Imetengenezwa kwa ajili ya chuma, na plastiki ya modeli huyeyuka mbele yake. Niliipuliza moja kwa moja juu ya plastiki tupu, na baada ya dakika chache paa la gari lilipasuka nyufa ndogondogo kama udongo mweusi wa Athi River wakati wa kiangazi. Weka kwanza praima ya plastiki, iache ikauke kabisa, kisha rangi iingie kama ukungu, kidogo kidogo, ili thina iruke kabla ya kuchimba chini. Pili, epuka rangi zenye chembe za metali. Chembe ambazo kwenye Probox huzioni, kwenye modeli zitaonekana kama vipande vya foili. Zidisha tu.

Nyekundu ina tabia yake. Juu ya praima ya kijivu hufifia na kuelekea damu ya mzee. Juu ya nyeupe huwaka hadi kukaribia chungwa. Mimi hupitisha praima nyeupe, halafu tabaka la waridi, kisha nyekundu juu yake. Waridi huipa nyekundu kina kwa tabaka chache, na tabaka chache ndicho tunachotafuta. Angalia pia rangi ya plastiki: ikiwa bodi imetoka kiwandani nyekundu na wewe unataka nyeupe, nyekundu hiyo inaweza kupenya praima na kukutokea juu ikiwa pinki siku mbili baadaye.

Hali ya hewa usiidharau. Nilikuwa nikipuliza kwenye roshani ya ghorofa ya nne, Umoja, na siku moja ya masika sikuweza kusubiri. Mvua ilikuwa imetoka kupita. Klia ilipokauka, gari zima lilikuwa na ukungu mweupe, kama kioo cha matatu iliyojaa watu asubuhi ya baridi. Thina ikiruka hupoza uso wa rangi, unyevu wa hewani ukageuka matone hapo na kunaswa. Kwa hiyo wakati wa mvua nasubiri adhuhuri iliyokauka, na asubuhi za Julai naweka kopo kwenye bakuli la maji vuguvugu kwa dakika chache ili rangi itoke laini. Maji ya vuguvugu tu; kopo la kupuliza halikaribii jiko kamwe. Januari na Februari adui ni vumbi. Mwagia sakafu ya roshani maji dakika kumi kabla, na ukishapuliza funika bodi kwa beseni. Uliza pia kama jirani wa chini ameanika nguo. Vaa barakoa yenye vichujio vya kaboni; ile ya kitambaa haizuii mvuke wa thina.

Rangi imekauka lini? Usiiguse, inuse. Lete pua karibu na sehemu ya ndani ya bodi. Ukisikia harufu ya thina, bado inapumua, na ukiifunika kwa klia au tepu itajikunja. Ikinyamaza kabisa, endelea. Kipimo hicho kimeniokoa mara nyingi kuliko saa. Na shika kanuni hii ya mpangilio: enameli, rangi ya mafuta inayokauka polepole, inaweza kukaa juu ya laka, ile ya thina kali inayokauka haraka, lakini laka juu ya enameli itaipika ikunjamane.

Kwa 240Z, boneti nyeusi inapakwa baada ya nyekundu. Ziba kwa tepu ya karatasi, sugua ukingo wa tepu kwa ukucha, kisha pitisha kwanza ukungu mwembamba wa nyekundu ileile kwenye ukingo. Kama kuna mwanya chini ya tepu, nyekundu ndiyo itakayouziba, na nyeusi haitakuwa na mahali pa kuvuja.

Stika za maji ndizo hunipa furaha kuliko kazi nyingine yoyote. Kata namba 11, iloweke nusu dakika hivi, iache juu ya tishu hadi uisikie ikiteleza chini ya kidole. Lowesha mlango kwanza. Telezesha stika kutoka kwenye karatasi yake hadi mlangoni, usiinyanyue. Duara la namba litaogelea juu ya maji na utakuwa na muda wa kulisogeza kwa ncha ya brashi hadi likae sawa na mstari wa mlango. Kisha fyonza maji kwa pamba kutoka katikati kwenda nje. Pale mstari wa mlango unapopita chini ya stika, subiri ikauke, ikate kwa wembe mpya kufuata mstari, na umalizie kwa maji ya kulainishia stika ili kingo zilale ndani.

Klia inayofuata ndiyo huwaliza wengi. Klia ya laka ikimwagwa kwa wingi hula stika, na utaiona namba ikikunjika mbele ya macho yako. Pitisha ukungu mkavu mara tatu, ukingoja robo saa kila mara, ndipo uweke tabaka lenye unyevu. Boneti izibe kwa tepu kabla ya klia, kwa sababu ikishang'aa si boneti ya gari hilo tena.

Vioo bandika kwa gundi nyeupe ya mbao. Mvuke wa supaglu huacha ukungu kwenye plastiki angavu.

Limebaki vumbi, na gari la Safari bila vumbi halijatoka Nairobi. Usichote udongo wa nje. Hata ukichujwa, punje yake ya milimita moja ni kokoto ya sentimita 2.4. Saga chaki ya shule hadi iwe kama unga wa ngano, changanya na oksaidi nyekundu ya sakafu inayouzwa hadwea, uikoroge kwa spiriti. Kwa Safari za zamani nenda kwenye wekundu wa muramu; kwa zile za tangu 2021 kule Naivasha, chaki iwe nyingi, kwa sababu vumbi la kule ni jepesi na limepauka. Paka nyuma ya magurudumu, chini ya milango na sehemu yote ya nyuma ambako upepo wa gari hurudisha vumbi, kisha futa kwa pamba kuelekea nyuma.

Kioo cha mbele kina kazi yake peke yake. Kata tepu vipande viwili vyenye umbo la kipepeo cha mkononi cha kujipepea, ukifuata njia ya waipa, uvibandike kiooni kabla ya vumbi. Paka vumbi jepesi kioo kizima. Likishakauka, bandua tepu ukianzia kona ya chini, polepole. Pale ilipokuwa patabaki pasafi, ukiona hadi kwenye usukani. Bandika waipa zako kwenye ukingo wa sehemu hiyo safi.